Antivairasi ya kulipia: kwanza itazame fleshi yako

Kompyuta nyingi za majumbani, Unguja na Pemba, hazipati virusi kwa intaneti tu. Zinavipata na kwa fleshi. Mtoto ana kazi ya skuli, nyumbani hakuna printa, fleshi inapelekwa steshenari, inachomekwa kwenye kompyuta ambayo kutwa nzima haina kazi nyengine ila kupokea fleshi za watu, kisha inarudi nyumbani mfukoni pamoja na kurasa nne zilizochapwa. Mwenye duka hana kosa kubwa: foleni ni ndefu, na hakuna mteja atakayekubali kusubiri fleshi yake ipekuliwe. Lakini njia ndiyo hiyo, na anayetaka kununua antivairasi aanze kwa kuutazama mlango unaotumika kabla hajaulizia jina.

Hebu tuitazame fleshi moja kwa karibu. Ni ya mwalimu wa sekondari wa Chake Chake, kaileta kwa fundi pamoja na laptopu, analalamika kwamba mashine imekuwa nzito.

"Maalim, hii folda ya Mitihani mbona ina mshale?"

"Mshale gani, mwanangu? Si ndiyo ile ile, naifungua kila siku na mambo yangu yamo."

Mambo yamo, kweli. Ila hiyo "folda" ni njia ya mkato (shortcut), imeandikwa ukubwa wa KB 2, na folda ya kweli haiandikwi ukubwa pale. Ukibonyeza kitufe cha kulia cha mausi ukachagua Properties, kwenye mstari wa Target utakuta amri ndefu: inaanza na cmd.exe, katikati imo wscript.exe, programu ya Windows ya kuendeshea hati za amri, na faili lenye jina lisilosomeka linaloishia na .vbs, na mwisho kabisa ndiyo jina la Mitihani. Maana yake, kila anapobonyeza maalim, kirusi kinawaka kwanza, halafu folda inafunguka ili asishuku kitu. Folda ya asili imefichwa kwa alama mbili, ya kuficha na ya faili la mfumo. Ndiyo maana hata ukiiambia Windows ionyeshe vilivyofichwa huioni, mpaka uondoe tiki ya kuficha mafaili ya mfumo.

Kusafisha fleshi ya aina hii kuna mpangilio wake, na wengi huukosea. Hukimbilia kuzifichua folda, na baada ya sekunde chache zinajificha tena, kwa sababu wscript.exe bado inaendelea ndani ya kompyuta. Anza na Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazoendelea: simamisha wscript.exe, kisha ingia sehemu ya Startup utazame kama kuna .vbs iliyojiweka iwake pamoja na mashine, uizime. Baada ya hapo pekua kompyuta nzima kwa antivairasi, kisha fleshi. Ikishatoka safi ndipo ufungue dirisha la amri na uandike attrib -h -s -r /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya fleshi yako. Folda zitatokea. Mishale uifute kwa mkono, mmoja mmoja, uhakikishe hufuti folda ya kweli.

Sasa swali la pesa: antivairasi ya kulipia ingekizuia kirusi hiki pale pale kilipoingia? Jibu linategemea jambo ambalo halimo kwenye tangazo lolote, nalo ni kama kompyuta ilikuwa na intaneti wakati fleshi inachomekwa.

Antivairasi za siku hizi zina vichwa viwili. Kimoja kimo ndani ya diski yako, orodha ya alama za virusi vinavyojulikana na kanuni za kushuku tabia ya faili. Cha pili kiko kwenye seva za kampuni. Faili geni likitokea, alama yake hutumwa huko na jibu hurudi mara moja. Nyumba yenye intaneti ya kudumu hutumia vyote viwili. Nyumba inayounga kifurushi kwa simu saa moja jioni, ikamaliza shughuli na kuzima, hubaki na kichwa cha diskini saa zote nyengine. Na fleshi huchomekwa wakati wowote.

AV-Comparatives, maabara ya Innsbruck huko Austria inayopima antivairasi, inalijua hili. Katika kipimo chake cha kukinga dhidi ya virusi, matokeo huchapwa kwa safu tofauti: asilimia iliyokamatwa bila intaneti, iliyokamatwa kwa intaneti, kisha ulinzi wa jumla. Watu wengi husoma safu ya mwisho tu, ambako karibu kila kampuni ina asilimia tisini na kitu na hakuna cha kuchagua. Kwa nyumba za huku, safu ya kwanza ndiyo inayotenganisha. Hapo Defender, ile inayokuja bure na Windows, imekuwa ikishuka waziwazi inapokatiwa intaneti, na baadhi ya majina makubwa ya kulipia hushuka kuliko hata hiyo ya bure. Bitdefender na ESET zimekuwa zikibaki juu katika safu hiyo kwa miaka. Ripoti hutolewa bure na hubadilika, kwa hiyo usome ya karibuni. AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, nayo ni maabara ya kuaminika, hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa urahisi wa kutumia, jumla 18. Lakini alama zake hazikuonyeshi mashine inafanyaje ikiwa imekatika mtandaoni. Programu inaweza kuwa na 18 kati ya 18 na bado ikawa dhaifu nyumbani kwako Kojani.

Si kila nyumba inahitaji kulipa. Mtu mzima mmoja, Windows 11 yenye leseni halali, intaneti ya nyumbani isiyozimwa, hakuna michezo ya kupakuliwa ovyo: huyo Defender inamtosha, na pesa yake anunue diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Kwa wengine pia, kabla hujatoa senti, Defender irekebishwe, maana mara nyingi imeachwa nusu usingizi.

Jambo la kwanza ni fleshi zenyewe. Ukiiambia Defender ipekue kompyuta nzima, kwa mpangilio wake wa kawaida haipekui vilivyochomekwa. Inatazama faili pale linapofunguliwa tu. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwa haki za msimamizi, andika Set-MpPreference -DisableRemovableDriveScanning $false, bonyeza Enter. Haitajibu kitu, na kunyamaza huko ndiyo kukubali. Kuanzia hapo upekuzi mkubwa utaingia na kwenye fleshi iliyochomekwa. Antivairasi kadhaa za kulipia hukuuliza zenyewe kila fleshi inapoingia kama zipekue, na kwa nyumba yenye watoto watatu na fleshi tano hilo peke yake ni sababu nzuri ya kulipa, kwa sababu mtoto hatoandika amri yoyote.

La pili ni masasisho. Ukiwa umeiambia Windows kuwa mtandao wako unalipiwa kwa kiasi, kama wafanyavyo wengi wenye vifurushi, na ni sahihi kufanya hivyo, Defender nayo inaweza kukaa siku nyingi bila orodha mpya. Jizoeshe kubonyeza mwenyewe kutafuta masasisho mara mbili kwa wiki. Kwa kompyuta isiyoona intaneti kabisa, Microsoft hutoa faili liitwalo mpam-fe.exe, lenye zaidi ya MB 100, unalolipakua pengine na kulileta kwa fleshi safi. Ukibonyeza mara mbili linafanya kazi kimya kimya. Linafaa sana kwa skuli za shamba pia, ingawa hilo ni somo jengine.

La tatu ndilo linaloumiza. Ingia Windows Security, kwenye ulinzi wa virusi, fungua mipangilio, teremka mpaka Exclusions. Orodha hiyo ya vilivyosamehewa kupekuliwa inatakiwa iwe tupu. Laptopu nyingi zilizotumika zinazoshushwa bandarini huuzwa na Windows iliyofunguliwa kwa kraki, yaani programu ya kuvunja leseni, na kraki hizo, kina KMSPico na jamaa zake, haziingii mpaka Defender izimwe au iambiwe isitazame folda fulani. Aliyeinstoli akiwa na haraka husamehe diski C nzima. Mashine ya namna hiyo ina mlinzi mlangoni aliyeambiwa afumbe macho, na mwenyewe hajui, kwa sababu alama ya kijani ipo pale pale.

Hapa pana kituko kinachojirudia. Mtu ananunua antivairasi nzuri ya kulipia, anaitia, inapekua, inakuta ile kraki na kuitia karantini, yaani kuifungia pembeni, kama ipasavyo. Baada ya siku kadhaa kwenye kona ya chini ya skrini yanatokea maandishi ya kudai Windows ifunguliwe kwa leseni, na picha ya nyuma haibadiliki tena. Mwenyewe anaamini antivairasi ndiyo iliyomharibia kompyuta. Anaitoa, anamwita fundi, kraki inarudishwa. Kumbe Windows ile haikuwa na leseni tangu siku ya kwanza, antivairasi imekuja kuisema tu. Ukiwa kwenye hali hiyo, leseni ya Windows ndiyo ununuzi wa kwanza, antivairasi ya pili. Kulipia mlinzi na wakati huo huo kumsamehe mwizi mmoja kwa jina ni pesa iliyotupwa, khasa ukijua kuwa vile virusi vya kufunga mafaili vya ukoo wa STOP, au Djvu, vilivyoanza kuonekana 2018, njia yao kubwa ya kuingia majumbani imekuwa ni hizo hizo kraki. Vikishafunga picha za harusi kwa ufunguo ulioletwa kutoka seva yao, hakuna antivairasi ya bei yoyote itakayozifungua.

Kuhusu Windows 10 tusikawie. Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watu wa majumbani ikaweka nyongeza ya mwaka mmoja hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bure kwa anayekubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Laptopu nyingi zilizotumika zina prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba, ambazo Windows 11 rasmi haizikubali. Wenyewe huuliza: je, antivairasi ya kulipia itaziba pengo? Haitoziba. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliangusha kompyuta dunia nzima kwa kupitia tundu la Windows lililokuwa limeshatolewa kiraka mwezi Machi mwaka huo huo. Waliokuwa wametia kiraka hawakupenyezwa kupitia tundu hilo. Antivairasi hukamata anayepita, lakini ukuta uliotoboka unajengwa na masasisho ya Windows yenyewe.

Tukishavuka hayo, anayehitaji kulipa na alipe, lakini aanze kwa kujaribu. ESET, Bitdefender na Kaspersky zimekuwa na kawaida ya kutoa siku 30 za majaribio, na siku hizo ndizo mizani ya kweli, maana maabara haikupima mashine yako. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ni mtihani mgumu. Ifanye hivi. Kabla hujatia chochote, washa mashine, hesabu kwa saa ya simu tangu kubonyeza kitufe mpaka Word ifunguke na uweze kuandika. Nakili folda moja ya picha yenye kama GB 2 kutoka sehemu moja ya diski kwenda nyengine, uandike muda. Iache mashine dakika kumi bila kuigusa, kisha utazame Task Manager, asilimia ya diski na kiasi cha RAM. Tia antivairasi ya majaribio, iache imalize upekuzi wa kwanza hata kama ni saa tatu, izime na uiwashe, halafu pima yale yale. Siku ya kwanza usiihukumu: kila antivairasi hujifunza mafaili yako mwanzoni na huwa nzito. Pima siku ya tatu. Ikiwa kufungua Word kumepanda kutoka dakika moja hadi mbili na nusu, hiyo si yako, hata iwe na medali ngapi.

Na kama diski inasoma asilimia 100 hata kabla hujatia kitu, usinunue antivairasi mwaka huu. Nunua SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 256.

Mpakuo wenyewe una mtego. Ukibonyeza "pakua" kwenye tovuti ya kampuni unapata faili dogo la MB chache, ukafurahi kuwa kifurushi kitatosha. Hilo ni dalali tu. Ukilifungua ndipo linapovuta mamia ya MB. Tafuta faili kamili la kuinstoli bila intaneti, kampuni nyingi zinalo ingawa hulificha kwenye kurasa za msaada, ulipakue usiku kwa kifurushi cha bei nafuu au kwa jamaa mwenye waya wa intaneti. Na usiinstoli wakati umeme unachezacheza. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, betri ya akiba, umeme ukikatika katikati unaachiwa programu ambayo haijaingia na wala haitoki. Kila ukijaribu kuitia tena inasema ipo, ukijaribu kuitoa inasema haipo. Dawa yake ni chombo cha kuondolea cha kampuni yenyewe, kinachoendeshwa kwenye Safe Mode, pale Windows inapowaka na vya lazima tu. Kaspersky wana kavremover, McAfee wana MCPR, Avast wana avastclear, na ESET wana ESET Uninstaller, pamoja na AV Remover ya kutolea za wengine.

Chombo hicho kitahitajika hata bila ya umeme kukatika. Antivairasi mbili hazikai nyumba moja. Zote mbili hutaka kushika faili kabla ya mwenziwe, matokeo yake mashine inaganda au moja inaiita nyengine kirusi. Defender yenyewe hujiweka pembeni ikiona mgeni aliyesajiliwa, lakini majaribio ya McAfee au Norton yaliyokuja na laptopu hayajitoi yenyewe. Huisha muda, yakabaki yanadai pesa na mara nyengine huku yameikalia nafasi ya Defender. Kuitoa kwa njia ya kawaida huacha mabaki, ndiyo sababu ya chombo. Ukimaliza, izime na uiwashe mara mbili, kisha uhakikishe Defender imerudi kazini kabla hujatia nyengine.

Kwenye kulipa, pana njia mbili: kisanduku cha dukani au mtandaoni.

Visanduku vya Darajani na Mlandege, na vile vinavyoletwa na jamaa kutoka Dubai au Kariakoo ya Dar, si vibaya, lakini vitazamwe. Leseni nyingi huuzwa kwa eneo, na kisanduku cha eneo jengine kinaweza kukataa kufunguka ukiwa hapa. Kaspersky, kwa mfano, hutaka ufunguo uanze kutumika kwenye eneo ulikouzwa. Soma mgongoni pameandikwa eneo gani. Angalia sehemu ya kukwangua haijaguswa. Kinachouzwa kama namba tupu iliyotumwa kwa WhatsApp kwa bei ya sahani ya biriani kiache: mara nyingi ni ufunguo mmoja uliouzwa kwa watu wengi, unafanya kazi wiki chache, kampuni ikagundua na kuufunga kwa wote. Na muulize muuzaji mbele ya kisanduku kama unaweza kurudisha ikikataa kufunguka. Jibu lake litakuambia mengi.

Mtandaoni unahitaji kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandao, ya benki au ile ya kwenye pesa za simu. Bei iliyokolezwa kwa maandishi makubwa ni ya mwaka wa kwanza. Ya mwaka wa pili imo kwa maandishi madogo, na mara nyingi ni mara mbili au zaidi. Ukilipa, mara nyingi umekubali pia kukatwa mwakani bila kuulizwa. Siku hiyo hiyo ingia kwenye akaunti uzime malipo ya kujirudia: mwaka wako hauondoki, unaendelea mpaka mwisho. Kadi ya kwenye simu uiache na salio dogo. Mwakani, tazama kwanza bei ya mteja mpya kabla ya kubonyeza "endelea".

Bei kubwa huwa imebeba mapambo. VPN, njia ya siri ya kupitia mtandaoni, iliyomo kwenye vifurushi vya Bitdefender vya kawaida imekuwa na kikomo cha MB 200 kwa siku, haitoshi hata video moja ya mawaidha. Ulinzi wa utambulisho unaotangazwa na kampuni za Marekani umejengwa kwa namba zao za hifadhi ya jamii na mikopo yao. Mwenye ZanID, kitambulisho cha Zanzibar, hauna la kumfanyia. "Kisafishaji" cha kuongeza kasi hakiongezi. Udhibiti wa watoto, huo una thamani ikiwa kompyuta iko chumba cha watoto, na bora zaidi ni kuihamishia ukumbini.

Kuna na suala la kampuni yenyewe. Antivairasi inasoma kila faili lako, kwa hiyo historia ya mwenye nayo ni sehemu ya bidhaa. Avast, kupitia tanzu yake ya Jumpshot iliyofungwa 2020, iliuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake, na Februari 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani ikaitaka ilipe dola milioni 16.5. Avast, AVG, Avira na Norton leo zote ni za kampuni moja, Gen Digital, ingawa kwenye rafu zinaonekana washindani. Kaspersky ni ya Moscow, na Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake huko mwaka 2024. Katazo hilo halifiki hapa, programu bado inafanya kazi na vipimo vyake ni vizuri. Mwenye kuhofia siasa za masasisho ya baadaye achague nyengine, asiyejali atapata kitu imara.

Ukishatia uliyoichagua, ijaribu. EICAR, taasisi ya Ulaya ya utafiti wa antivairasi, wametoa faili la majaribio lenye herufi 68, lisilo na madhara yoyote, ambalo kila antivairasi imekubali kulikamata. Mwenzako aliweke kwenye fleshi kutoka mashine nyengine, wewe zima intaneti, chomeka, lifungue, antivairasi ifanye kazi yake. Likifunguka bila kelele, ulinzi umezimwa au kuna msamaha uliosahauliwa. Likikamatwa, umejua tu kwamba mlinzi yuko macho. Ubora wake ulishausoma kwenye ile safu ya kwanza.

Tarajia pia kwamba itakamata kisichostahiki. Programu za zamani za misahafu, za hesabu za duka, za kuchapia risiti, zilizoandikwa miaka mingi na hazina saini ya kidijitali, hushukiwa mara kwa mara. Ndiyo maana mpangilio uwe wa karantini, sio wa kufuta. Ukikuta imechukua unachokiamini, kirudishe na usamehe faili hilo moja tu, kwa njia yake kamili, usisamehe folda. Kabla ya hapo lipeleke kwenye tovuti ya VirusTotal: likishukiwa na moja au mbili kati ya zaidi ya sitini, pengine ni dhana. Zikiwa thelathini, acha ubishi. Faili lenye siri za watu usilipeleke huko, linaonekana na wengine.

La mwisho hufanywa mezani kwa fundi na hupita bila kuangaliwa. Leseni hufungwa kwenye barua pepe, na fundi mwenye haraka hutumia yake, au hufungua mpya papo hapo na neno la siri analijua yeye. Kompyuta ikibadilishwa kabla mwaka haujaisha, fundi kabadilisha namba, kahamia Wete, na leseni iliyobaki na miezi minane haina mwenyewe. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako, neno la siri uliandike wewe. Kisha, kabla hujaondoka, ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu yako mwenyewe utazame siku zilizobaki na idadi ya mashine. Ikisoma 365 na mashine moja imetumika, umenunua mwaka. Ikisoma 90, umeuziwa leseni ya kuja na kompyuta mpya. Rudi dukani leo, na kisanduku mkononi.